Visu Thelathini vya Mzee Atia

Bou Saada, 22 Agosti 1982

Mdogo wangu Jelul,

Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima, kuanzia Baba mpaka yule mbuzi wa jirani ambaye bado anadhani ua wetu ni wa kwao. Sisi wazima. Joto la mwaka huu limekausha mpaka matope ya bondeni, lakini mitende imebeba vizuri. Mama Barkahumu wa nyumba ya pili amemwoza binti yake wa mwisho, na siku ya harusi alilia kwa sauti mpaka wapiga zumari wakanyamaza kumsikiliza. Kila tukikutana ananiuliza habari zako. Namwambia umesema utakuja kiangazi kijacho. Ananitazama tu, maana hicho kitakuwa cha tisa.

Sasa jambo lenyewe. Alikuja bwana mmoja wa ofisi ya kazi za mikono kutoka mjini, tai shingoni kwenye joto hili, akakaa karakanani kwa Baba saa nzima. Mwezi wa kumi na mbili kutakuwa na maonyesho makubwa Algiers, mafundi wa nchi nzima, na wanataka kisu cha Bou Saada kiwe na meza yake. Wamemchagua Baba. Visu thelathini, na mipini yake na ala zake. Unajua Baba hajawahi kualikwa popote isipokuwa harusini na mazikoni. Tangu siku hiyo anatembea kama bwana harusi. Amekwisha kununua springi za lori bovu kwa ajili ya chuma, nami nimeanza kushona ala za ngozi nyekundu. Tangu nifiwe na mume wangu nikarudi hapa, sijaona nyumba hii ikichangamka hivi.

Ila macho yake yanamsumbua kidogo. Si sana. Juzi alimkemea yule mbuzi kwa jina langu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Njoo, Jelul. Wiki sita tu. Kufua chuma atafua mwenyewe, mkono wake bado una nguvu. Wewe umnyweshee mabapa ya visu. Mwenyewe husema nyundo ni ya yeyote mwenye mkono, lakini kulitoa bapa motoni likiwa jekundu kama punje ya komamanga na kulinywesha mafuta saa hiyo hiyo, hiyo ni kazi ya macho. Na kila mgeni anaambiwa kwamba macho mazuri kuliko yote yaliyopita karakanani ni ya mwanawe aliye Ufaransa.

Dada yako,
Keltumu


Saint-Étienne, 12 Septemba 1982

Dada Keltumu,

Barua yako imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Nimefurahi kusikia Baba amepata heshima hiyo. Nimewasomea wenzangu wa bwenini, wakapiga makofi, na Jaloti yule wa Jelfa akasema watu wa Bou Saada sasa hatutawezekana tena kwa majivuno. Nimempa koti la Baba, la sufu, anakuja huko wiki ijayo. Lako ni kitambaa cha kijani. Usimpe Mama Barkahumu hata kama atakisifia mara tatu.

Kuhusu kuja, mwaka huu haiwezekani. Likizo zote zimekwisha gawanywa na msimamizi wetu ni mtu mgumu. Hapa kiwandani ukikosekana wiki moja, unakuta mtu mwingine amevaa glavu zako.

Na kwani Baba ananihitaji mimi? Mnunulie miwani. Macho yake mabovu ni bora kuliko yangu mazima. Mwambie namuombea, na mwambie asivute tumbaku karibu na mafuta.

Kiangazi kijacho, inshallah.

Jelul


Bou Saada, 3 Oktoba 1982

Mdogo wangu Jelul,

Koti limefika na Baba anavaa hata jua likiwaka. Kitambaa changu kizuri. Mama Barkahumu amekisifia mara nne.

Idi imepita. Nakuandikia habari zake kwa sababu najua hapa hakuna mwingine atakayekuandikia. Watu wote wanajifanya hawakuona.

Hujasahau desturi yetu. Kisu cha kwanza cha kila kazi mpya hakiuzwi, kinatumika kuchinjia Idi. Baba alikitoa kile cha kwanza katika thelathini vya Algiers, akakionyesha kwa majirani, mpini wa pembe, na alama yake ya nukta tatu na mwezi juu ya bapa. Akamlaza kondoo, akasoma bismillahi, akakata. Kisu kikavunjika, Jelul. Kikavunjika katikati ya shingo, na kondoo yu hai anatupa miguu. Jirani akaruka na kisu chake kumalizia. Kisu cha dukani, cha mpini wa plastiki.

Baba alibaki na kipande mkononi. Akasema, "Kondoo huyu alikuwa na jiwe shingoni." Watu wakasema, "Naam, Mzee, hutokea." Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Siku ya pili, alipokwenda msikitini, niliingia karakanani. Ameshanywesha mabapa kumi na mawili. Nikachukua pembe ya kondoo anayopimia na kupiga bapa juu yake ubavuni kama afanyavyo yeye. Nilipiga matano. Matatu yakakatika kama mkate mkavu. Mahali palipokatika chuma kina punje kubwa kama chumvi ya mawe. Anayachoma mno. Hauoni tena wekundu mpaka uwe umepita, na anapouona anadhani ndio kwanza unaanza. Vipande nimevificha chini ya gunia la unga, na yeye haulizi, maana siku hizi hahesabu.

Nimwambieje? Anaamka alfajiri anaimba. Nikimwambia mabapa yake yanavunjika, nimemwambia alale asiamke. Nisipomwambia, ataaibika Algiers mbele ya nchi nzima, pale pale mezani, kwa sababu unamjua, lazima ataanza kuwapigia watu bapa kwenye pembe wasikie linavyolia.

Sikuombi kwa ajili yangu. Njoo mwezi mmoja. Uyanyweshe, uende zako. Kama ni ile siku aliyokugombeza kabla hujaondoka, nakuapia alishaisahau. Au tuseme, anaikumbuka kwa majuto.

Keltumu


Saint-Étienne, 14 Novemba 1982

Dada,

Salamu. Huku baridi imeanza na mimi nina kikohozi kidogo, si cha kutaja.

Barua yako niliipata zamani. Nilikaa nayo.

Siwezi kuja. Tafadhali usiniulize sababu. Mwambie yule bwana wa tai kwamba Baba anaumwa, basi. Maonyesho yatapita na heshima yake itabaki.

Nisamehe.

Jelul


Bou Saada, 19 Desemba 1982

Kwa Jelul,

Sisi wazima. Theluji kidogo imeshuka mlimani, mbuzi wa jirani amezaa. Kikohozi chako kipone.

Nilikukasirikia sana. Naandika hivyo wazi ili nisiwe nakusalimu kwa unafiki. Nilikusubiri wiki sita nzima na wewe ukaniletea mistari sita. Kumwambia Baba anaumwa! Angekwenda Algiers kwa miguu kumkanusha yule bwana.

Nikafanya mwenyewe. Kila siku alipotoka kwenda kuswali alasiri, na akishatoka harudi mpaka magharibi, niliwasha moto. Mabapa yalikuwa bado hayajatiwa mipini. Nilikuwa nayapasha, nayaacha yapoe taratibu kwenye majivu ili chuma kitulie, halafu nayapasha tena na kuyanywesha mafuta. Matatu au manne kwa siku. Mama Barkahumu alinikuta na masizi usoni akaniuliza kama nimekuwa nalala kwenye chungu. Rangi ile sikuhitaji kufundishwa na mtu. Wewe unajua kwa nini, na kama hutaki kuandika, mimi pia sitaandika. Niliunguza vidole. Kufikia mwisho wa Novemba yote thelathini yalikuwa tayari na yote yalilia kwenye pembe.

Tukaenda Algiers kwa basi. Baba na joho lake jeupe la burnusi, koti lako ndani, visu mapajani njia nzima kama anapeleka mtoto hospitali. Meza yetu ilikuwa kati ya wafinyanzi na mtu wa mazulia kutoka Gardaya, mchekeshaji, akawa anamwita Baba "jenerali". Siku ya kwanza visu vinane vilikwenda.

Siku ya pili akaja bwana mmoja wa Konstantini, mwenye miwani ya dhahabu. Akageuza kisu huku na huku, akauliza, "Mzee, hivi ni vya kutundika ukutani au vinakata?"

Unamjua Baba. "Ukutani? Weka sikio hapa!" Akachukua bapa moja lililokuwa bado halijatiwa mpini, tuliloliacha hivyo kwa maonyesho, akalipiga kwenye pembe. Likalia. Akapiga tena. Akachukua kisu kingine, akakichomoa alani, akapiga. Na cha tatu. Yule bwana alikuwa amekwisha toa pochi lakini Baba hakuwa naye tena. Akanigeukia.

"Amekuja lini?"

"Nani, Baba?"

"Usinifanye mtoto, Keltumu. Kila nikirudi msikitini nilikuwa nasikia harufu ya mafuta ya moto. Nilijua. Nikasema moyoni, nyamaza Atia, ukimwita atakimbia tena. Yuko kwa mjomba wenu, siyo?"

Akasimama, Jelul, akawaambia watu kwa sauti, "Ndugu zangu, kazi hii si yangu! Mimi macho yamekwisha. Hii ni kazi ya mwanangu. Mwanangu amerudi!" Watu wakapiga makofi. Mtu wa mazulia akaja kumkumbatia. Baba alikuwa analia na kucheka, anafuta machozi kwa ncha ya burnusi, na mimi nimekaa kando yake, mikono chini ya shali ili watu wasione vidole.

Ningeweza kusema. Sijamwona na furaha ile tangu Mama afariki, nikanyamaza. Nasikitika kwamba nilinyamaza, na ningenyamaza tena.

Visu viliisha kabla ya siku ya mwisho. Sasa anaamini umerudi Ufaransa mara moja kuchukua mizigo yako. Amepafagia mahali pako karakanani. Kila basi likiingia kutoka Algiers, ananituma nikaangalie. Nakwenda, nasimama, narudi. "Bado, Baba." "Basi, kesho."

Nimempa mwana ambaye sikuwa na haki ya kumpa. Niambie nifanye nini naye.

Keltumu


Saint-Étienne, 23 Januari 1983

Dada yangu Keltumu,

Nakusalimu, na safari hii sina mzaha. Kikohozi kimepona. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na glavu mkononi, nikachelewa kazini, sikujali.

Ninachokuandikia nilipaswa kukuandikia miaka mingi iliyopita. Mwaka wangu wa pili hapa, niliomba kuendesha winchi. Wakanipeleka kwa daktari. Akafungua kitabu kimejaa vidoa vya rangi, akauliza naona namba gani. Nikamwambia sioni namba, naona dengu. Akafungua ukurasa mwingine, dengu. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaniambia nilizaliwa hivyo. Nyekundu wanayoiona watu mimi siioni. Kwangu ni giza giza la kahawia. Winchi nikanyimwa.

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi. Ndipo nilipoelewa kwamba mimi sijawahi kuliona bapa likiwa jekundu hata siku moja maishani mwangu. Nilikuwa nasikiliza kinu chako. Wewe uani unatwanga pilipili na mkate wa zviti, unachungulia kwenye lile tundu la ukuta, ukiona rangi imefika unaacha kutwanga, na mimi nazamisha. Tulianza kwa mchezo. Ulidhani ni uvivu, na mimi pia nilijiambia ni uvivu. Baba akawa ananisifu mbele za watu, nami nikawa nazipokea sifa. Nilizipokea zote, Dada. Hukudai hata moja.

Kisha ukaolewa Msila. Wiki ile ile niliharibu mabapa sita. Baba akanifokea, "Una nini wewe, umerogwa?" Nilitaka kumwambia kwamba fundi wake ameolewa. Sikuweza. Kesho yake alipokwenda msikitini nikaweka nyundo juu ya fuawe, nikaondoka.

Hiyo ndiyo sababu siji. Nitakuja nikafanye nini? Atanikalisha mbele ya moto.

Baba hakukosea pale mezani. Mlio aliousikia ndio ule ule wa siku zote, ila jina tu ndilo alilokosea. Humu ndani kuna karatasi ya pili, nimemwandikia yeye, yote kama nilivyokuandikia wewe. Msomee neno kwa neno. Usipunguze kwa huruma. Nakujua.

Jelul


Bou Saada, 6 Machi 1983

Mdogo wangu Jelul,

Nakusalimu. Baba anakula kidogo, lakini anakula. Mimi mzima. Mama Barkahumu amepata mjukuu wa kiume na amekuwa hawezekani.

Karatasi yako nilikaa nayo siku nne kifuani. Sikuichelewesha kwa huruma. Nilikuwa naogopa jinsi nilivyotaka kuisoma. Nina miaka thelathini na nne, nimekuwa binti wa fundi, mke wa mtu, mjane wa mtu na dada yako. Nilitaka siku moja tu mtu aseme hii ni kazi ya Keltumu. Sioni haya kukuambia.

Siku ya tano, baada ya chakula, nikamsomea. Neno kwa neno, mpaka dengu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, akatabasamu.

"Mwanangu ana moyo mkubwa," akasema. "Umemsikia? Amesikia umekuwa mjane, hana cha kukupa, ni kama amevua koti lake mwenyewe akakufunika. Amekupa sifa yake ili upate mume. Mwandikie nimemfahamu. Mwandikie asitafute visingizio, sina kinyongo, aje."

"Baba, ni kweli alichoandika."

"Naam, naam. Lete chai."

Jelul, sikuwahi kumkasirikia Baba maishani mwangu. Siku ile nilikasirika mpaka masikio yakaniuma. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kigoda chake mlangoni mwa karakana, nikamwambia, "Kaa hapo usikilize." Nikawasha moto. Kulikuwa na bapa moja alilolifua yeye, bado halijanyweshwa. Akawa ananiuliza, "Unafanya nini? Utajiunguza." Nikavuta mivukuto, nikalitazama, nikalitoa, nikalizamisha. Nikalisubiri lipoe, nikalisugua kwa tupa, nikampa mkononi pamoja na pembe.

Akapiga. Akasubiri sauti iishe kabisa. Akapiga tena.

Halafu akaweka bapa chini, akanyoosha mkono kunitafuta. Akashika vidole vyangu, akavipapasa kimoja kimoja, akakuta makovu ya mafuta, akakaa juu ya kila kovu muda mrefu kidogo.

"Kazi nzuri," akasema.

Ni neno nililolisubiri tangu niko mtoto uani. Nilikuwa nafungua mdomo nishukuru. Akaniwahi.

"Kwa hiyo hakuja."

"Hakuja, Baba."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akaniachia mkono. Akasimama, akapapasa ukuta, akaingia ndani bila fimbo yake. Tangu siku hiyo hajakanyaga karakanani. Basi la Algiers linaingia, linapiga honi, hainui kichwa. Miezi miwili na zaidi alikuwa na mwana nyumbani, Jelul. Mimi nilimpa, na mimi nimemnyang'anya, ili nisifiwe.

Yule bwana wa tai ameandika. Wanataka visu hamsini mwakani, na wanauliza waandike jina gani kwenye meza. Nilimuuliza Baba. Akasema, "Andika lako, ndilo lenyewe." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Sijaandika bado.

Jana akiwa anakula aliniuliza jambo moja tu. Akaacha kijiko, akasema, "Keltumu, sasa kwa vile nimejua, na sitamkalisha tena mbele ya moto, atarudi?"

Nilimwambia harudi. Sikutaka aanze tena kunituma kwenye mabasi.

Niandikie kama nimemdanganya.

Dada yako,
Keltumu